Kuna Mtu Kwenye Laini

Jengo zima lilimwita Sekunde. Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata yeye akiitwa kwa jina hilo aligeuka amechelewa, kana kwamba anaitwa jirani. Alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikaa chini ya ngazi za jengo la maduka, kidogo kiasi kwamba akitaka kupiga chafya lazima kwanza afungue mlango. Humo alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita ya kazi, lenzi jichoni, akifufua saa za watu ambao hawakuwahi kufika popote kwa wakati. Mkewe aliondoka zamani. Alisema hawezi kuzeeka na mwanamume anayehesabu kwa sauti wakati yai linachemka. Akabaki Sekunde na mama yake, ghorofa ya pili ya jengo lililo mwisho wa barabara hiyohiyo, vyumba viwili na sebule, na jiko ambalo dirisha lake linatazamana na jiko la jirani.

Mama naye hakuwa mtu wa kubeza. Miaka thelathini na moja alifanya kazi ofisi ya simu, enzi ambazo ukitaka kuzungumza na mtu wa mji mwingine lazima kwanza uzungumze na mama yake Sekunde. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu mia, akachomeka waya hapa, akachomoa pale, na kwa sauti iliyonyooka kama shati la ofisini akauliza, "Namba gani, tafadhali?" Alijua nani amenuniana na mkwewe na nani anampigia nani mume akisafiri, na yote hayo alistaafu nayo tumboni. Alichojivunia ni sikio lake. Kabla mtu hajatamka neno, yeye alishajua kama kuna wa tatu anayesikiliza.

"Laini yenye mtu inakuwa nzito," alikuwa akisema. "Kama chumba ambacho kuna mtu nyuma ya pazia."

Mama huyo, akiwa na miaka sabini na tisa, aliteleza bafuni. Hakuvunjika mfupa, lakini familia ilivunjika moyo kwa niaba yake. Dada Mkubwa, ambaye ni mkuu wa shule mji wa mwendo wa saa nne kwa gari, mwanamke aliyezoea watu wasimame akiingia, aliandika kwenye kundi la familia kwamba kuanzia siku hiyo Mama asiachwe peke yake. Ndugu kumi na saba wakaweka alama ya dole gumba. Hakuna aliyekuja.

Sekunde hakuweza kufunga kibanda, basi akafanya wanachofanya watu wenye mapenzi mengi na nafasi ndogo: akanunua mashine. Ilikuwa kamera nyeupe, kubwa kama chungwa, yenye shingo ya kuzunguka na spika tumboni. Akaiweka juu ya kabati chumbani kwa Mama. Akanunua na ruta, kile kisanduku cha kusambaza waifai, akakichomeka sebuleni, taa za kijani zikawaka, naye akajipongeza. Kitabu cha maelekezo alikikunja mara nne akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia. Ndiyo faida pekee ambayo kitabu kile kiliwahi kumpa mtu.

Ikawa akiwa kibandani anafungua simu, anamwona Mama kwenye kiti chake, anaminya kitufe na kuuliza, "Mama, dawa umekunywa?"

Mama anainua uso kutazama kabati. "Nimekunywa, mwanangu. Wewe umekula?"

Maisha mazuri kabisa. Kisha familia ikaja kufanya kikao.

Ulikuwa ule mkutano ambapo watu ishirini na wanne wanajaa sebule ya watu wanane ili wajadili afya ya mgonjwa aliye chumba cha pili, na hakuna anayeingia kumsalimu zaidi ya dakika mbili. Kabla hata kikao hakijafunguliwa, mashemeji, wapwa na binamu walikuwa wamemzingira Sekunde: paswedi, mjomba, paswedi! Kumnyima mgeni paswedi siku hizi ni sawa na kumnyima kiti. Sekunde alipoitaja mara ya tisa, akachoka. Akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa mwandiko wake safi wa mtu anayechora namba za saa, *sekunde60*, akakitundika ukutani karibu na mlango. Wageni wakampigia makofi. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Boksi lile hakuliondoa. Lilikuwa limeandikwa vizuri mno. Mleta maji aliliona, msoma mita akaliona, jirani aliyekuja kuazima ngazi akalipiga picha waziwazi akisema, "Tusaidiane, jirani." Ndani ya wiki mbili jengo lote lilikuwa linakula waifai ya Sekunde na kumsifu kwa roho yake nzuri. Neno hilohilo ndilo alilolitumia pia kufungulia kamera ya chumbani kwa Mama, maana aliona mtu mwenye mpangilio anatosheka na ufunguo mmoja.

Siku moja asubuhi Mama aliweka kikombe chini na kusema, "Kuna mtu kwenye laini."

"Laini gani, Mama? Simu ya mezani tuliiondoa mwaka ambao paka alikufa."

"Ya chumbani kwangu. Nzito. Tangu juzi." Akamsogelea sikioni. "Na kile kitu chako kinageuka wakati wewe husemi."

Sekunde aliangalia kikombe cha mama yake, kisha mkono wa Mama unaotetemeka kidogo. Hakuogopa kamera. Alimwogopa Mama. Alikuwa amesikia za wazee wanaoanza kuona watu ukutani. Siku hiyo kibandani alifanya jambo ambalo baadaye lilimkosesha usingizi kuliko yote: aliandika kwenye kundi la familia, *Mama ameanza kusikia vitu.*

Dada Mkubwa hakuhitaji zaidi. Alimpigia daktari mmoja, ambaye bila kumwona mgonjwa, wala kuuliza jina lake, alisema ni umri. Jumamosi Dada angekuja na gari kumchukua. Chumba cha uani nyumbani kwake kilishapakwa rangi.

Mama alipoambiwa hakulia. Alikaa kitandani, viganja juu ya magoti. "Nikitoka hapa leo natoka kichaa," alisema. "Huko nitakachosema chote kitakuwa cha kichaa. Nikisema nina njaa, wataulizana kwa macho kama kweli nina njaa."

Sekunde akasema, "Usiseme hivyo, Mama."

Alhamisi, saa nne na dakika kumi na mbili, alikuwa amefungua saa ya kike, koleo mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa umeshika kasha. Simu ameisimamisha kwenye boksi la betri, picha ya chumba cha Mama imewaka. Mama aliinuka kitandani akaenda dirishani.

Picha ikamfuata.

Taratibu. Ukuta ukasogea, kabati la nguo likapita, pazia likaingia, mpaka mgongo wa Mama ukakaa katikati kabisa. Sekunde alitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa kwenye saa. Hakuna kidole kilichogusa simu. Mama, kule, aligeuka polepole akaitazama kamera usoni, na Sekunde akaona midomo yake ikitamka kitu bila sauti. Skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi ikaanguka sakafuni. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, hakuinama kuitafuta.

Alikimbia barabara nzima na lenzi yake usoni. Watu walimpisha kama wanavyompisha kichaa. Alipanda ngazi, akaingia chumbani, akang'oa waya wa kamera ukutani, akasimama katikati ya chumba akihema.

"Umeona?" Mama aliuliza.

"Nimeona."

"Basi nishike mkono, nikae."

Jioni alimpigia Dada Mkubwa. Alieleza kwa mpangilio, saa, dakika, mikono yote miwili. Dada yake akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Na wewe, mdogo wangu? Basi nitakuja na gari kubwa zaidi."

Ijumaa mchana alimleta fundi wa mtandao, mwanamke wa makamo mwenye begi la waya na ulimi wa wembe, ambaye alikuwa amefunga intaneti kwenye nusu ya ofisi za mtaa ule na kutukana nusu nyingine. Alisimama mlangoni, akaona boksi ukutani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii ni nini, kaka?"

"Paswedi. Ya wageni."

"Na ufunguo wa nyumba umeutundika wapi, nje?" Akamgeukia Mama. "Shikamoo, mama. Huyu umemzaa mwenyewe?"

"Marahaba. Ndiyo, ila baba yake alisaidia."

Fundi akakaa chini, akafungua kompyuta yake, akaingia kwenye ruta bila kumwuliza Sekunde lolote. "Unaona? Nimeingia kwa neno la kiwandani, lile linalokuja na boksi. Hukulibadilisha. Dunia nzima inalijua." Akahesabu. "Vifaa thelathini na moja. Nyinyi mpo wangapi hapa?"

"Wawili," Sekunde alisema.

Fundi alisoma majina: Simu ya Mrembo, Televisheni Kubwa, Simu ya Baba Usiguse. Kila jina Sekunde alilitambua au alilikisia, jirani wa juu, jirani wa mkabala, binti wa ghorofa ya nne. Halafu fundi akaomba kamera ichomekwe tena. Wakakaa sebuleni, mlango wa chumba wazi, wanaangalia kioo cha kompyuta. Zilipita dakika sita. Sekunde alizihesabu.

"Huyu," fundi akasema, bila utani sasa. "Hana jina, ana namba tu. Kamera imewaka, naye ameingia. Na hayuko mbali. Nguvu ya mawimbi yake ni kubwa mno. Ni kuta mbili, labda tatu."

Wote watatu wakatazama kuta.

"Unamjua ni nani?" Sekunde akanong'ona.

"Mimi ni fundi wa mtandao, si mpiga ramli. Ila naweza kumfungia nje sasa hivi. Dakika kumi na tano, hatamwona tena mama."

"Funga!"

"Usifunge," Mama akasema.

Alikuwa ameshasimama mlangoni mwa chumba, ameshika fremu. "Ukifunga leo, kesho kitu hicho hakitageuka. Dada yako atasimama hapo aone chungwa juu ya kabati, na mama kichaa, na kaka kichaa. Nitapanda gari. Acha wazi mpaka aje aone kwa macho yake."

"Mama, yuko kuta mbili!"

"Najua. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Acha wazi."

Wakaacha wazi. Mama alikaa kwenye kiti chake mbele ya jicho lile, amejifunga khanga mpaka shingoni, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Sekunde alikaa chini kando ya miguu yake. Mara mbili walisikia injini ndogo ya shingo ya kamera ikilia, kijisauti kama cha mbu, na kila mara Mama alimshika bega, naye akamshika mguu, na hakuna aliyegeuka kuangalia.

Dada Mkubwa aliingia Jumamosi saa nne kamili. Fundi alikuwa tayari kwenye kona ya sebule na kompyuta yake. Alikuwa amesema amekuja kumalizia kazi, lakini ukweli ni kwamba na yeye hakulala.

"Nani huyu?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Fundi wa mtandao."

"Mmemwita fundi kutibu uzee?" Akapita moja kwa moja chumbani, akamkumbatia Mama, akafungua kabati na kuanza kutoa nguo.

"Kaa kidogo, Dada. Utazame kamera."

Akatazama, mikono kiunoni. Kamera ikabaki imetazama ukuta, imekufa kama jiwe. Dakika moja. Dakika nne. Sekunde akajiuliza: mtu huyu, kuta mbili kutoka hapo, amekwenda wapi leo? Amekwenda sokoni? Amelala? Haiwezekani amfuatilie mama wa watu wiki nzima halafu siku anayohitajika awe na udhuru!

"Nimeona," Dada Mkubwa alisema. "Imetulia kuliko wewe." Akaendelea kukunja. Gauni, gauni, sweta, viatu vya ndani. Akafunga zipu ya begi, na sauti ya zipu ile ilikuwa ndefu sana.

"Mama, tuinuke."

Mama hakuinuka. Alinyoosha mgongo, akaweka nywele zake nyuma ya sikio kama aliyevaa vidude vya kusikilizia, akaitazama kamera. Na kwa sauti ambayo Sekunde hakuwa ameisikia tangu akiwa na umri wa kusindikizwa shule, sauti iliyonyooka bila hata kikwaruzo, akasema, "Kuna mtu kwenye laini. Sema shida yako, tafadhali."

"Mama, jamani," Dada Mkubwa akaanza, machozi yakimlengalenga.

Injini ikalia. Shingo nyeupe ikazunguka, kutoka ukutani, ikapita dirisha, ikasimama kwa Mama. Spika ikakwaruza. Pumzi ikasikika, ya mtu mzima, karibu mno na kipaza sauti chake. Kisha sauti ya kiume, ya chini, kama ya mtu asiyetaka kuamsha watu wa nyumbani kwake, ikasema:

"Mama. Usiende."

Begi lilianguka. Dada Mkubwa akamgeukia kaka yake, amekuwa rangi ya jivu. "Ni wewe! Ni mchezo wako, na simu yako!"

Sekunde akainua mikono yote miwili juu. Simu yake ilikuwa juu ya meza sebuleni, na fundi ameiwekea kikombe juu yake. Kamera ikageuka tena, safari hii ikamtazama Dada Mkubwa, kuanzia viatuni ikapanda taratibu mpaka usoni. Mwanamke ambaye shule nzima husimama akiingia alirudi nyuma mpaka akaingia ndani ya kabati la nguo, akabaki humo, henga zikigongana juu ya kichwa chake.

"Ndiye yuleyule asiye na jina!" fundi alipiga kelele kutoka sebuleni. "Nifunge?"

"Funga," Mama akasema, na ndipo mgongo wake ulipolegea.

Sekunde aling'oa kamera. Fundi alifanya kazi huku akitaja kila hatua kwa sauti, labda kwa ajili yao, labda kwa ajili yake mwenyewe. Alibadilisha neno la kuingilia kwenye ruta, akabadilisha jina la mtandao, akazima kile kitufe kinachoruhusu kifaa kuingia kwa kubonyezwa tu, akaipa ruta programu mpya iliyokuwa ikisubiri tangu inunuliwe. Akatenga mtandao mwingine wa wageni usioona chochote cha ndani. Paswedi mpya akamwachia Mama achague. Mama akaichapa mwenyewe kwa kidole kimoja, ndefu, amefunika kibodi kwa kiganja kingine. Boksi la ukutani Dada Mkubwa alilirarua kwa mikono yake, vipande vidogo vidogo, bila kuombwa.

Begi lilikuwa bado sakafuni. Dada Mkubwa aliinama, akalifungua, akaanza kurudisha nguo kabatini. Hakusema samahani, watu wa cheo chake hulipa kwa vitendo.

Ndipo jengo likalipuka.

"Jamani, waifai!" sauti ilitoka ghorofa ya juu. "Imekata hata kwako?" ilijibu ya chini. Milango ikafunguliwa, ndala zikashuka ngazi. Hodi ya kwanza ikagongwa.

Sekunde akaganda, mkono kwenye komeo. Kuta mbili, labda tatu. Anayegonga anaweza kuwa yeyote.

"Usifungue," Mama alisema. Akaburuta kiti chake mpaka nyuma ya mlango, akaketi, sikio kwenye ubao. "Nani?"

"Mimi jirani wa juu, mama. Shikamoo. Mtandao una nini?"

"Marahaba. Kabla sijakujibu, sema: Mama, usiende."

"Nini?"

"Sema tu, baba."

Nje kukawa na kicheko cha aibu. "Mama, usiende."

Mama akatikisa kichwa. "Siye. Mwambie fundi anatengeneza. Mwingine!"

Walikuja mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akalitamka, wengine wakicheka, wengine wakinung'unika kwamba mama wa Sekunde ameanza kuchanganyikiwa. Dada Mkubwa aliposikia neno hilo, alifoka kupitia mlango, "Chunga mdomo wako!" Mama hakujali. Alisikiliza kila sauti akiwa amefumba macho, kichwa kikiinama kidogo upande wa kulia. Siye. Siye. Huyu ana mafua, siye. Fundi akahesabu kwenye karatasi walioondoka. Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa dirisha la jiko.

Kisha hodi moja, nyepesi, ya kidole kimoja.

"Nani?" Mama akauliza.

Hakuna aliyejibu. Chini ya mlango kulikuwa na kivuli cha miguu miwili. Hakikuondoka wala kusogea.

"Namba gani, tafadhali?" Mama akasema, taratibu sana.

Sekunde aliona mkono wa mama yake ukitoka gizani mwa khanga na kumkamata kifundo cha mkono, ukiminya mpaka kikauma. Alimtazama. Macho ya Mama yalikuwa wazi sasa. Hakutikisa kichwa, hakunong'ona siye.

Juzi tu angemwuliza una hakika, Mama? Angesema labda ni mtoto, labda ni mleta maji. Sekunde hakuuliza. Alisukuma komeo la pili, la juu, ambalo tangu wahamie hapo halijawahi kufungwa, kisha akaegemea mlango kwa bega lake lote, dada yake akaja akaegemea kando yake, na wakasubiri hivyo mpaka kivuli kilipoondoka chini ya mlango na hatua zikapanda ngazi bila haraka, zikasimama juu, na mlango ukafungwa.

"Ghorofa ya tatu," Mama alisema. "Mlango wa kushoto."